Mdomo wa Kula Hautumwi

Niani, Mfunguo Tano, mwaka 824

Siriman mjukuu wangu,

Umekaa huko jangwani mpaka mbwa wa ua huu wamesahau harufu yako. Mvua tatu zimenyesha zikakauka, hujakanyaga hapa. Wanawake wenzangu wakiniuliza, "Mume wako mdogo yuko wapi?" nawaambia ameoa ngamia. Wao wanacheka. Mimi sicheki.

Mimi ni mzima. Goti la kushoto linauma, na la kulia linalisaidia kuuma. Ng'ombe mweupe uliyemwacha amezaa tena, dume. Shangazi yako Tenenba ameng'oka meno ya mbele na bado anasema kutushinda sote. Anayeandika haya ni Fodi Lamini, yule yule mwalimu aliyekufundisha herufi na fimbo. Anakusalimu. Mkono wake unatetemeka siku hizi, kwa hiyo ukiona maandishi yanacheza usidhani ni bibi yako anayetetemeka.

Sasa sikiliza. Baba yako amekufa na habari unazo, maana mjumbe wa farasi alifika kwako akarudi na karatasi ya maneno mazuri na bamba la chumvi. Bamba la chumvi, Siriman. Nilimzaa yule mtu. Nilimwona anakuwa mansa, mfalme wetu, nchi nzima inajimwagia vumbi kichwani mbele yake, na nikamfunga kidevu kwa kitambaa changu alipokata roho. Mwanawe ananitumia chumvi, kana kwamba nataka kumkausha nimtundike.

Kaka yako Jigi amekaa barazani bila ngoma. Desturi unaijua, lakini nitakukumbusha, jua la huko linakausha akili. Watoto wa mama mmoja hushikana, watoto wa baba mmoja hushindana. Ndiyo maana mansa akifa, wanawe wa mama mbalimbali wanakaa mbele ya watu wanakula bakuli moja, ugali uliopikwa na mama mkongwe wa nyumba. Waliokula pamoja hawawezi kumwagiana damu. Wakishanawa, mdogo anajimwagia vumbi mbele ya mkubwa, ngoma kuu inapigwa, na nchi inapata usingizi. Mama mkongwe ni mimi. Mkubwa ni Jigi. Mdogo ni wewe, na hupo.

Bila wewe sipiki. Wazee wa baraza wanakuja na suruali zao pana, pana hata mtu akikimbia inabaki nyuma inamfuata. "Mama, pika." Nawaambia kuni zimelowa. Kiangazi hiki, kuni zilowee wapi? Wanajua nadanganya, nami najua wanajua, na jiko limelala.

Njoo. Usiniandikie kwamba utakuja. Njoo.

Bibi yako, Nantenen


Walata, Mfunguo Sita, mwaka 824

Kwa Bibi yangu mpendwa, mama wa mansa na mama yetu sote,

Amani iwe juu yako, juu ya nyumba yako na wote waliomo. Barua yako imenifikia salama mikononi mwa wafanyabiashara wa kokwa za kola, nami niliibusu kabla ya kuifungua. Nimefurahi kusikia habari ya ng'ombe mweupe. Natumaini goti linapata nafuu; nakutumia mafuta ambayo watu wa huku hupaka viungo, pamoja na tende na kitambaa cha buluu. Mpe shangazi Tenenba tende laini, kwa sababu ya meno. Mwambie Fodi Lamini kwamba fimbo yake bado naikumbuka na kwamba namwombea mkono wake utulie. Je, yule mtunza farasi kipofu bado yuko hai? Na ukuta wa mashariki, ule uliobomoka mvua zile, umeshajengwa?

Kifo cha baba kimenivunja. Sina maneno.

Kuhusu safari, Bibi, hali ya huku si nyepesi. Kisima kikubwa cha njiani kimekauka, wanyang'anyi wamekamata msafara mmoja, na msafara mkubwa wa chumvi kutoka kaskazini bado haujaingia. Liwali akiondoka wakati kama huu, kila mtu atajifanya liwali. Mambo yakitulia nitakuja. Nakuomba uniwie radhi na uniombee.

Mjukuu wako mtiifu, Siriman


Niani, Mfunguo Nane, mwaka 824

Siriman,

Tende zimefika. Tenenba amezimaliza, hata mimi sikuonja. Mafuta yananuka kama ngamia aliyekufa, lakini goti limeyapenda. Mtunza farasi yu hai. Mwanamke wa pale kisimani amejifungua mapacha, wote wasichana. Mwenyewe mwembamba, sijui aliwaficha wapi.

Barua yako Fodi Lamini amenisomea mara mbili. Kisha nikamwambia, "Rudi mwanzo, nitafutie mahali alipoandika jina la Jigi." Akatafuta. Akageuza karatasi akatazama na nyuma, maskini. Umeuliza habari za ng'ombe, umeuliza habari za kipofu, umeuliza hata ukuta umelalaje. Mtoto wa baba yako hukumuuliza. Mimi sikusoma, lakini mtu anaponyamaza nasikia vizuri sana.

Na masikio yangu yanasikia mengine. Watu wa kola wanasema farasi wamepanda bei Walata kwa sababu kuna mtu ananunua kila anayeshuka na msafara. Liwali wa chumvi anataka farasi wote hao wa nini? Wamlambie chumvi? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, Siriman. Nilikuogesha. Nakujua ulivyokuwa ukiiba njugu mawe: ulikuwa unaanza kwa kuniuliza naendeleaje.

Usidhani nakukaripia wewe peke yako. Jigi nilimwita jikoni. Alikuja na walinzi wawili, nikawafukuza wale walinzi na mwiko.

Nikamwambia, "Mwandikie mdogo wako. Kwa jina lako, si la baraza."

"Nimwandikie nini, Bibi? Mimi ndiye mkubwa. Mkubwa habembelezi."

"Mkubwa ndiye anayebembeleza. Mdogo anajua kununa tu."

"Akitaka kuja, njia anaijua."

"Na asipotaka?"

Akachukua bamia moja kwenye ungo wangu akaitafuna mbichi. Alikuwa hivyo hivyo akiwa mtoto, swali likimshinda anatafuta cha kuweka mdomoni.

Najua kuna jambo hulisemi. Yeye pia halisemi, na mimi silisemi kwa karatasi, maana Fodi Lamini ana wake watatu na kila mmoja ana masikio yake. Njoo tulisemee hapa, sisi watatu, mlango umefungwa. Mtukanane mnavyotaka. Mpigane mieleka mvunje vyungu vyangu vyote, nitanunua vingine. Lakini mje mkiwa na njaa.

Nantenen


Walata, Mfunguo Tisa, mwaka 824

Bibi,

Umetaka jina lake niliandike. Jigi. Nimeliandika.

Na jambo nisilolisema nitalisema, wake watatu wa Fodi Lamini walisikie. Mama yangu Kanko alikuwa mke wa kwanza wa baba. Siku mama yake Jigi alipopandishwa juu yake, mama alifungiwa vyumba vyake, akaambiwa arudi kwao. Ilikuwa kiangazi, jua la kupasua mawe. Aliomba punda. Punda tu, si farasi. Jigi alikuwa mtu mzima, zizi lote lilikuwa chini yake, na alikuwa amekaa juu ya farasi wake pale langoni. Alimtazama mama yangu akipita kwa miguu, akamgeuza farasi. Mama alifia kivukoni, kabla ya kufika kwao. Mimi nilikuwa vitani kusini kwa ajili ya baba huyo huyo. Niliporudi, nilipongezwa: nimepewa Walata.

Wewe ulikuwepo, Bibi. Ulikuwa ndani ya ua ule.

Wapo wanaosema ngoma ni ya mwana wa mke wa kwanza. Sijawajibu. Lakini kukaa magoti kwa magoti na mtu yule, vidole vyangu na vyake ndani ya bakuli moja, siwezi. 

Kwa hiyo namtuma Balla, jeli wangu, mtu anayesema kwa niaba yangu. Nilipokabidhiwa Walata, aliyesema mbele ya baba ni yeye. Nilipoapa, aliyeapa ni yeye. Tangu lini mtu mkubwa akasema barazani kwa ulimi wake mwenyewe? Balla ni mdomo wangu. Ale yeye. Bakuli litakuwa limeliwa, ngoma itapigwa, na hakuna atakayesema Siriman alikataa.

Siriman


Niani, Rajabu, mwaka 824

Siriman,

Leo salamu hupati. Ng'ombe muulize mwenyewe.

Balla alifika siku ya soko, vumbi mpaka kwenye kope. Ukoo wake na wangu ni watani tangu mababu, kwa hiyo alianza mlangoni.

"Bibi kizee, bado hujafa?"

"Mla kunde, nife nani abaki kulinda shamba? Umekuja kuiba nini?"

"Nimekuja kula ugali wako. Nimeambiwa una mawe, nimekuja na meno ya akiba."

Nikacheka kidogo, Mungu anisamehe. Kisha akaniambia alichotumwa, na sikucheka tena.

Baraza likakaa. Mzee Mamuru, mkuu wao, mwenye suruali pana kuliko zote, akasimama akakohoa. "Jeli ni mdomo wa bwana wake. Mdomo umefika. Mama, pika."

Nikamwambia, "Uliofika ni mdomo wa kusemea. Wa kulia uko Walata."

"Mdomo ni mmoja, mama."

"Haya. Kesho nitume kijana mmoja akalale kwa mkeo kwa niaba yako, Mamuru, tuone kama na hilo ni moja."

Baraza zima likaangua kicheko, hata yule mzee anayelala siku zote akaamka akauliza nini. Mamuru akakaa. Jigi hakucheka.

Akaniambia, "Bibi, nimechoka. Huko sokoni wananiita mansa nusu. Nipikie nile na huyu, yaishe."

"Jigi, anayekula ndiye anayefungwa. Ukila na Balla umefungwa na Balla. Na mdogo wako hujafungwa naye, wala yeye na wewe. Unaelewa ninachosema?"

Akanitazama. Akasema, "Naelewa."

Neno hilo moja tu. Siriman, nimewalea nyote wawili kwenye mkeka mmoja na mgongo wangu ndio uliowazibia baridi. Wewe umemtuma mtu akale kwa sababu hutaki kufungwa na Jigi. Na Jigi amekubali kwa sababu hataki kufungwa na wewe. Mmeelewana vizuri sana, wanangu. Tangu mzaliwe hamjawahi kuelewana namna hii.

Najua utaniuliza kwa nini nilipika. Nilipika kwa sababu wale wazee walikuwa wameshampelekea Tenenba kuni. Yeye ndiye mkongwe baada yangu, na kwa sahani ya tende angempikia hata fisi. Nikaona kama chakula hicho lazima kiliwe, kitoke kwenye mkono wangu, ili mimi ndiye niseme kinamfunga nani. Nikasonga, nikakaanga bamia kavu na samaki, nikaweka bakuli katikati. Jigi akamega. Balla akamega. Walipomeza nikasimama nikasema mbele ya baraza lote:

"Mmeona wote. Waliokula ni Jigi na Balla. Kuanzia leo hawa ni ndugu. Jigi hawezi kumgusa Balla. Balla hawezi kubeba neno la kumdhuru Jigi. Asiyekula hayumo."

Walidhani natania. Kisha nikamwona Mamuru anaanza kuelewa, pole pole, kama mtu aliyekalia siafu. Lakini nani atayafuta maneno yangu? Desturi walikuwa wameitumia wenyewe wakati huo huo.

Balla alilia palepale. Alisema, "Bwana wangu alinikopesha mdomo wake, nimeuacha kwenye bakuli." Harudi Walata kukusemea. Hawezi. Ukitaka kumpinga Jigi mbele ya watu utasimama na nani? Liwali asiye na jeli ni mtu anayepiga kelele njiani. Na Jigi kwa upande wake, hakuna kiapo kinachomzuia kukugusa. Umeona ulichofanya? Umetoa mdomo na umetoa shingo, siku moja, kwa kiburi kimoja.

Ngoma imepigwa. Farasi wa Jigi wanalishwa mtama sasa, si nyasi. Farasi wa kukaa zizini halishwi mtama.

Na jambo la Kanko. Umeandika kwamba nilikuwepo. Nilikuwepo, ndiyo. Aliyemfuata mama yako kwa miguu na kibuyu cha maji ni nani? Nilimbebea mzigo mpaka kijiji cha pili, miguu ikanivimba, akanikataza yeye mwenyewe: "Rudi, mama, rudi kwa watoto." Watoto, alisema. Hakusema mtoto. Kisha nilirudi nikamwambia baba yenu neno ambalo hakuna mama anayemwambia mwanawe, na hatukusemezana mpaka mvua zikaja. Hukuliuliza hilo. Ulikaa Walata miaka mitatu unanichukia kimyakimya na kunitumia salamu.

Hasira yako na Jigi ni ya haki. Hata mimi nilimpiga kofi siku ile, akiwa juu ya farasi, nikapata goti tu. Lakini haki yako haikupi ruhusa ya kuwaua watoto wa watu kwenye mchanga. Kila farasi uliyenunua atapandwa na mtoto wa mwanamke fulani. Mwanamke huyo wewe humjui, ila mimi namjua, ananiuzia maziwa.

Nantenen


Walata, Shaabani, mwaka 824

Bibi,

Ulipika. Nimesoma sababu zako, na bado ulipika.

Juzi niliitisha baraza la wafanyabiashara na wakuu wa misafara. Nilisimama. Hakukuwa na mtu wa kupokea maneno yangu na kuyainua. Nikasema mwenyewe, kwa sauti yangu. Wote waliinamisha vichwa wakatazama mikeka, kama watu waliomwona baba yao uchi. Walioapa kunifuata walianza kukumbuka shughuli zao. Waliobaki ni wale wanaopenda farasi kuliko maneno. Basi itakuwa farasi.

Habari ya kibuyu cha maji sikuijua. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Mwambie Jigi asijichoshe kuja mpaka huku kwenye mchanga. Nitamkuta njiani.

Sijui kama utapata barua nyingine kutoka kwangu. Shangazi Tenenba nimemtumia tende.

Siriman


Niani, Ramadhani, mwaka 824

Siriman wangu, mume wangu mdogo, mpumbavu wangu,

Barua hii imeletwa na Balla mwenyewe, na usimtukane. Ni mtu pekee katika nchi yote hii anayeweza kupita katikati ya farasi wa Jigi asiguswe. Hana neno lako mdomoni. Ana langu tu, kwenye karatasi, na karatasi haikuapa.

Fodi Lamini ananijia mimi siku hizi, siendi tena kwake. Nakunywa uji. Usiulize.

Tenenba anazo tende zako. Mapacha wa kisimani wameanza kutambaa, mmoja anarudi nyuma kama kaa.

Farasi walipotaka kutoka kwenda kwako, nilikwenda langoni nikalala chini, kizingiti mpaka kizingiti. Mvua ilikuwa inanyesha. Hakuna mpanda farasi anayeweza kumruka mwanamke aliyemzaa baba wa mansa. Farasi wenyewe walikataa. Kiongozi wao akashuka akapiga magoti kwenye tope. "Bibi, tuna amri." Nikamwambia, "Mimi nina mgongo. Tuone kipi kitachoka kwanza."

Jigi akaja, hata kofia hakuvaa.

"Bibi, inuka. Unaniaibisha."

"Ndiyo kazi iliyobaki. Nyingine zote mmeninyang'anya."

"Utaugua."

"Nitaugua kwa sababu yako, na utaulizwa."

Aliondoka. Mvua ikanyesha, nami nikalala palepale, wanawake wakinifunika kwa ngozi na kunilisha kama kifaranga. Unajua alichofanya? Hakunivuka. Alivunja ukuta. Mansa wa nchi yote hii amebomoa ukuta wa mji wake mwenyewe apitishe farasi pembeni ya bibi yake. Nilisikia matofali yakianguka nikasema, huyu mtoto ana akili, na sikujua nilie au nimsifu. Wakatoka. Mimi nikabebwa ndani, na tangu siku ile kifua kinakoroma kama chura.

Kisha akaja chumbani bila walinzi. Alikaa chini. Nilimwacha akae. Baadaye akasema, "Alikuwa anatembea polepole sana." Nikajua anamsema mama yako. "Nilidhani baba atamwita arudi. Nilidhani nikimpa punda baba ataona nimechukua upande. Nikaona farasi akigeuka, na sikujua kama ni mimi niliyemgeuza."

Nikamwambia, "Hayo usiniambie mimi. Mimi sikufia kivukoni."

Sikumfariji, Siriman, ujue hivyo. Sijamfariji, wala wewe sitakufariji. Lakini nilimwambia hivi: mimi sitamaliza msimu huu. Na mama mkongwe akianza kufa, hakuna farasi anayevuka mto mpaka kaburi lake lifukiwe. Hiyo si amri yangu, ni ya waliokuwepo kabla ya mansa wa kwanza. Akatuma mtu. Farasi wake wamesimama kwenye kivuko, upande huu wa maji, wanasubiri nife. Ni mara ya kwanza jeshi zima limenisubiri, na sina haraka.

Kwa hiyo muda unao, lakini si mwingi. Wafungulie farasi wako. Wape wale waliowauza, au wape upepo. Usije na msafara, watakusikia. Njoo na Balla, upande mtumbwi wa wavuvi wa samaki wakavu, hakuna anayewachungulia kwa sababu ya harufu. Jigi anajua unakuja. Ameapa mbele yangu kwamba hatakugusa, kwa mdomo wake, hakuna jeli aliyekuwa chumbani, na alikosea maneno mara mbili kwa sababu hajazoea. Sikuamini kiapo kwa sababu ni kiapo. Niliamini kwa sababu alikosea.

Ukinikuta hai nitakutukana mpaka nichoke, kisha utakula. Usiponikuta, usilie kwa sauti uani, ulikuwa na miaka mitatu ya kulia. Nenda moja kwa moja mahali wanaponichimbia. Kaburi la mama mkongwe linachimbwa na wana wa mansa kwa mikono yao, si watumwa, si vijana wa mtaa. Mkubwa anashuka chini kuchimba na kusawazisha, mdogo anabaki juu na jembe, anavuta udongo. Nimemwambia Jigi ashuke bila kisu kiunoni, na shati alivue, ili umwone.

Kaburi litakapomfika kifuani, kisha likamfunika kichwa, atakuwa hawezi kutoka peke yake. Shingo yake itakuwa chini ya jembe lako, na watu wote watakuwa wamenyamaza, na mimi nitakuwa nimelala pembeni kwenye mkeka siwezi kusema kitu. Hapo, Siriman, tupa jembe nyuma yako, mbali, piga goti kwenye ule udongo, na umpe mkono.